Hasna na Somo la Vita vya Utumwa

Hasna binti Msabaha aliishi kwa maneno ya watu wengine. Asubuhi alisimama katikati ya mfanyabiashara wa Dar es Salaam na mwenye kiwanda wa Kichina. Huyu akisema lake kwa Kiswahili, yule akijibu kwa Kichina, naye akivusha kutoka upande mmoja kwenda wa pili bila kupunguza wala kuongeza. Wanunuzi walimpenda kwa hilo. Wakalimani wengine walikuwa wakila pande zote mbili, lakini Hasna akiambiwa na laoban, yaani tajiri mwenye duka, kwamba mteja wako huyu mjinga, alimgeukia mteja akamwambia vilevile: "Anasema wewe mjinga." Mara nyingi bei ilishuka hapo hapo.

Alizaliwa Wete, kisiwani Pemba, mwaka 1968. Alifika China mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na mmoja, kwa msaada wa masomo, kujifunza upakaji rangi wa nguo. Mwaka mmoja wa lugha, minne ya maabara na viwanda. Aliporudi nyumbani na shahada yake hakukuwa na kiwanda cha kumwajiri, akakaa miaka miwili akifundisha hesabu skuli ya msingi. Kisha akina mama wa biashara, waliokuwa wamechoka kwenda Dubai na Bangkok kununua vitu vilivyotengenezwa China, wakaanza kuulizana nani Zanzibar anajua Kichina. Wakaelekezwa Wete. Mwaka 1996 Hasna akawa amerudi China, kwenye mji wa Guangzhou aliosomea, safari hii kwa nauli ya Bimkubwa.

Bimkubwa alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mtu wa Mji Mkongwe, mwenye sauti ndogo iliyosikika kila mahali. Watu wake walikuwa na mashamba ya mikarafuu kabla ya Mapinduzi. Baada ya Mapinduzi walibaki na jina, na yeye akaamua kwamba jina pekee halipikiki, akaingia biashara. Alipanga nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Dengfeng, akampa Hasna kimoja. Kila juma walipanda basi pamoja kwenda Shiling kwenye masoko ya mikoba ya ngozi, na Bimkubwa alinusa kila mkoba kabla ya kuuliza bei. Hasna alimwita shangazi, kama Abdulwakil alivyomwita.

Abdulwakil ndiye aliyekuwa mpwa wa kweli. Bimkubwa alimlea tangu akiwa na miaka minne, kaka yake, baba wa mtoto huyo, alipofariki. Sasa alikuwa na thelathini na minne, ana duka Darajani, mpole, mrefu, si msemaji sana. Alikuja Guangzhou mara tatu kwa mwaka, kisha ikawa nne, kisha watu wakaacha kuhesabu kwa sababu ilikuwa wazi hafuati mikoba. Kufikia Ramadhani ya mwaka 1998 Bimkubwa alikwishakubali. Posa ingepelekwa Wete baada ya Iddi Kubwa.

Jumamosi mchana Hasna alikuwa na kazi nyingine. Kituo cha utamaduni cha mtaa kilimpa chumba cha ghorofani, meza kumi na mbili na ubao, afundishe Kiingereza. Siku hizo viwanda vingi vya serikali vilikuwa vikipunguza watu, na waliopunguzwa walikuwa wakitafuta la kufanya. Walimwona mgeni mnunuzi akipita Dengfeng na mikokoteni ya mizigo, wakajua hapo pana riziki kwa anayejua kuongea naye. Basi darasa la Hasna lilikuwa na wanafunzi ishirini na wawili: muuguzi mmoja, madereva wawili wa teksi, wasichana wa maduka ya simu, na wengine watu wazima wenye nywele za mvi, waliokaa wima kama watoto wa darasa la kwanza.

Mmoja wao aliitwa Mama Liang. Alisokota pamba miaka ishirini na minane kwenye kiwanda kimoja mpaka kilipofunga milango mwaka uliopita, na vidole vyake bado vilikuwa na mazoea ya kuchezea uzi hata usipokuwepo. Alikuwa mgumu kutamka lakini mwepesi kuuliza.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu walifika kwenye somo lililohusu Marekani. Kitabu kilikuwa na sentensi chache tu: majimbo ya Kaskazini na ya Kusini yalipigana kwa sababu ya utumwa, Kaskazini ikashinda, Rais Lincoln akawaachia huru watumwa. Hasna akasoma, wao wakafuatisha. Akasoma tena, wakafuatisha. Alikuwa anageukia ubao aandike mazoezi ya sarufi Mama Liang aliponyoosha mkono, akauliza kwa Kichina.

"Mwalimu, na watumwa wenyewe walikuwa wapi?"

"Vipi?"

"Kitabu kinasema hawa walipigana na wale, mmoja akashinda, akawaachia. Wao walikuwa wamekaa tu wanangoja?"

Hasna akaweka chaki chini. Alijua mambo mengi kuhusu pamba ya Marekani: urefu wa nyuzi zake, inavyokunywa rangi, mwaka gani ilifika viwanda vya Uingereza. Hili hakulijua.

"Sijui," akasema. "Nitatafuta, nitakujibuni."

"Nauliza kwa sababu ya mamangu," Mama Liang akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anaeleza njia ya kwenda sokoni. "Aliuzwa akiwa na miaka minane, mwaka wa njaa, kwa familia moja ya hapa mjini. Alikuwa kijakazi wao wa kununuliwa. Ilitoka sheria ya kuwaachia wasichana wa namna ile, na watu wakiisifu mama alikuwa anacheka. Alisema sheria haikujua hata mlango wa nyumba ile uko upande gani. Mlango aliufungua yeye, akiwa na miaka kumi na tisa."

Mmoja wa madereva alitazama mikono yake. Hasna akaona kwamba mama huyu alikuwa amewapa kitu, na kwamba yeye, mwalimu, alikuwa na kitu cha namna hiyohiyo mfukoni, na kukikalia kungekuwa uchoyo.

"Mama wa bibi yangu aliitwa Mrashi," akasema. "Hilo ndilo jina alilopewa na aliyemnunua."

Akawaeleza. Mrashi alitekwa bara akiwa mtoto. Alichokumbuka kwao ni ziwa tu, na kwamba mama yake alikuwa mrefu. Aliingizwa Pemba kwa siri, wakati biashara yenyewe ilikwishapigwa marufuku baharini, akachuma karafuu Mtambwe mpaka akawa mwanamke. Mwaka 1897 mfalme wa Unguja, akisukumwa na Waingereza, alitia saini amri ya kuuondoa utumwa. Lakini amri ile haikumfuata mtu kwake. Aliyetaka uhuru alitakiwa aende mwenyewe mbele ya mahakama akaudai, na mabwana hawakuwa na haraka ya kuitangaza. Mrashi aliisikia miaka miwili baadaye, kisimani. Siku ya pili yake akatembea kutwa nzima hadi Chake Chake.

"Karani akamuuliza: bwana wako anakupiga? Mrashi akamwambia: hata asingenipiga, nimekuja. Akaandikiwa hati. Karatasi yenyewe ililiwa na mchwa kabla sijazaliwa, lakini maneno aliyomjibu karani tunayo."

Mama Liang akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa nusu ya swali lake na yuko radhi kuingoja nusu ya pili.

Nyuma ya chumba, kwenye kiti cha karibu na mlango, Abdulwakil alikuwa amekaa. Alikuja kumchukua Hasna wakatazame shehena uwanja wa ndege. Kichina chake kilikuwa cha sokoni, bei na rangi na hapana, lakini Hasna alikuwa akirudia kila kitu kwa Kiingereza, maana somo lilikuwa la Kiingereza. Alisikia yote, na moyo wake ukajaa. Jioni, akila wali na shangazi yake, Hasna akiwa bado kazini, alimsimulia kila kitu kwa fahari, mpaka lile la kwa karani. Hakuona kwamba Bimkubwa alikuwa ameacha kula.

Asubuhi yake Bimkubwa alimkuta Hasna jikoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akavuta kiti, akakaa. "Ulikuwa na haja gani ya kuwaambia?"

Hasna hakujifanya hajui. "Mama mmoja aliuliza."

"Aliuliza ya Marekani. Weye ukampa ya kwenu." Bimkubwa alisema taratibu, bila ukali. "Mie si mtoto, Hasna. Najua visiwani kwetu hakuna aliye safi upande wote. Sikukuuliza asili yako nilipomkubalia Abdulwakil, na sikuuliza makusudi. Jambo lisiposemwa watu wanaishi nalo. Likishasemwa, kaka yangu Mwadini atalisikia, na wakwe na majirani watalisikia, na kila nitakapoingia kwenye shughuli kutakuwa na mtu wa kuniambia mwanao kaoa kwa watumwa. Nakuomba kitu kidogo tu. Usilitaje tena. Posa itakwenda kama tulivyopanga."

Hasna akazima jiko. Alimpenda mwanamke huyu. Alikula kwake miaka miwili na hakuwahi kusimangwa hata kijiko cha sukari. Kwa hiyo alimjibu kama alivyowajibu wateja wake, bila kupunguza.

"Shangazi, Mrashi hakuiba, hakumdhulumu mtu. Nikilificha jina lake nitakuwa namwonea haya kwa jambo alilofanyiwa. Siwezi. Na nimeahidi darasa kuwajibu swali lao, nitawajibu. Kama posa haiwezi kwenda na hilo, isiende."

"Basi," Bimkubwa akasema, akanyanyuka.

Hasna alihama siku hiyo hiyo, akapanga chumba mtaa wa pili. Hakulia. Alipanga vitabu vyake dirishani, akaosha mapazia, akaenda kazini.

Waswahili wa Dengfeng siku zile hawakuzidi thelathini, na mgahawa wa Jaffari, mtu wa Tanga aliyepika pilau, ulitosha kuwakusanya wote. Juma hilo walikusanyika, na walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema Hasna amewavua nguo wazee wa watu mbele ya wageni. Wengine walisema ya kwake kayasema yeye, ya watu hakuyagusa. Cornel, Mhaya muuza redio, alisikiliza mpaka chai ikapoa.

"Nyinyi mnagombana kuhusu jambo lililokwisha miaka mia iliyopita," akasema.

"Wewe huelewi," Jaffari akamjibu. "Kule kwetu halijaisha. Limenyamaza tu."

Wateja wanne wa Unguja wakatafuta mkalimani mwingine. Cornel akamletea Hasna watu sita wa Bukoba na Mwanza, na kazi ikaenda kama kawaida, pengine zaidi.

Abdulwakil alikuja kumwona siku ya tatu. Walikaa kwenye benchi ya bustani ya Yuexiu, watu wazima wakinyoosha viungo mbele yao.

"Nimekuharibia," akasema.

"Ulisema ulichosikia. Hilo halina lawama." Hasna akamgeukia. "Nataka kujua lako wewe. La shangazi nimeshalipata."

"Mimi nakuoa. Nilisema hivyo kabla, na nilipokusikia siku ile nikajiona nimechagua vizuri kuliko nilivyodhani. Lakini yule ndiye mama niliyemjua. Nataka aje nyuma yangu, asikokotwe. Nipe muda nizungumze naye."

"Zungumza naye. Ila usiniombee msamaha. Sijakosa."

"Sitaomba," akasema Abdulwakil, na hakuomba.

Jumamosi mbili Hasna aliwapa wanafunzi mazoezi ya sarufi, na katikati ya juma akaenda maktaba ya chuo alichosomea, ambako mlinzi bado alimkumbuka. Kulikuwa na rafu moja ya vitabu vya Kiingereza kuhusu Marekani. Akasoma yote yaliyokuwemo. Alisoma kwa jicho la mtu wa nguo, na hapo akaona jambo ambalo hakulifikiria alipokuwa mwanafunzi: kila alipofundishwa kuhusu pamba ile nzuri yenye nyuzi ndefu, hakuna aliyemtajia mkono ulioichuma.

Jumamosi ya tatu ndiyo aliyowaahidi. Alipoingia darasani alimkuta Bimkubwa amekaa mstari wa mbele, buibui limepigwa pasi, mkoba magotini. Abdulwakil alikuwa nyuma yake, tayari kumfasiria Kiingereza sikioni.

"Shikamoo, shangazi," Hasna akasema.

"Marahaba. Kama watu wetu watatajwa, nataka nisikie kwa masikio yangu, nisiletewe."

"Karibu sana," Hasna akasema, akachukua chaki.

Alichora nchi ubaoni, akaikata kwa mstari mmoja wa kulala. Akawaambia kwamba ugomvi ule haukuanza na risasi. Ulianza kwenye mabunge na makanisani na mezani kwa watu, miaka mingi kabla. Kusini kulikuwa na watumwa karibu milioni nne, na pamba waliyoilima ndiyo iliyozungusha viwanda vya nusu ya dunia. Kaskazini utumwa ulikuwa umekwisha, na kila jimbo jipya lilipotaka kuingia kwenye nchi, swali lilikuwa lile lile: hili litakuwa la watumwa au la watu huru? Wakapatana, wakavunja, wakapatana tena. Waandishi wakachomewa mitambo yao ya kuchapia magazeti. Makanisa yakagawanyika, watu wa dini moja wakawa hawasali pamoja. Mwaka 1860 akachaguliwa rais aliyesema utumwa usienee zaidi ya ulipofika, na hilo tu likatosha. Majimbo kumi na moja yakajitoa, yakasema sasa sisi ni nchi yetu.

"Mwanzoni rais alisema anapigania nchi isivunjike," Hasna akaeleza. "Hakusema anapigana kuwaachia watumwa. Sasa, Mama Liang, sikiliza, hapa ndipo penye swali lako."

Mama Liang akaacha kuchezea vidole.

"Vita ikiwa na wiki chache tu, wanaume watatu waliokuwa wakilazimishwa kujenga maboma ya jeshi la Kusini wakachukua mashua, wakapiga makasia mpaka ngome ya Kaskazini. Asubuhi yake akaja ofisa wa Kusini na bendera nyeupe, anamdai mkuu wa ngome: nirudishie mali yetu, sheria ya nchi inakuamuru. Mkuu yule kazi yake ya zamani ilikuwa uwakili. Akamwambia: mmesema mmetoka kwenye nchi yetu, basi sheria yetu haikusaidiini tena. Na kama hawa ni mali, kama unavyosema, ni mali ya adui, nami nimeiteka."

Darasa likacheka, madereva wa teksi kwa sauti kuliko wote, maana walikuwa watu wa kubishana na askari.

"Habari ikaenea mashambani. Kesho yake wakaja wanane, kisha kwa makumi, kisha kwa maelfu, na watoto na masufuria kichwani. Jeshi halikujua liwafanye nini. Bunge likalazimika kutunga sheria, kwa sababu watu walikwishafika. Rais alipotangaza uhuru, Januari 1863, aliwatangazia waliokuwa kwenye majimbo ya uasi, akaruhusu weusi waingie jeshini. Wakaingia kama laki moja na elfu themanini. Vita ilimalizika mwaka 1865, wamekufa zaidi ya watu laki sita, na mwisho wa mwaka huo utumwa ukafutwa kwenye katiba, nchi nzima." Akaweka chaki. "Kwa hiyo kitabu chetu hakikusema uongo. Kimeruka tu. Hawakukaa wakingoja."

Mama Liang akanyoosha mkono, akauliza kwa Kichina. "Na wenye watumwa? Walipata nini?"

"Wengi hawakupata kitu. Lakini kwenye mji mkuu, ambako watumwa waliachiwa mapema, mwaka 1862, serikali iliwalipa mabwana fidia, kwa kila kichwa."

Bimkubwa akamgusa Hasna mkono. "Anauliza nini yule mama?"

Hasna akamfasiria, swali na jibu.

Bimkubwa akafungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu. Kisha akasimama. Alikuwa mfupi, na buibui lilimfanya aonekane mfupi zaidi, lakini chumba kizima kilimtazama.

"Waambie na sisi tulilipwa," akasema kwa Kiswahili.

Hasna akasita.

"Wewe ni mkalimani. Fasiri."

Basi Hasna akafasiri, sentensi kwa sentensi, kama alivyofanya Shiling kwenye mikoba. Na kwa kuwa mkalimani husema "mimi" anaposikia "mimi", wanafunzi walimsikia mwalimu wao akisema kwa Kichina: "Babu yangu alikuwa na watumwa. Wanane kati yao walikwenda mahakamani, na kwa kila mmoja serikali ilimpa babu fedha. Wao walipewa karatasi. Fedha ile ilijenga ghorofa ya juu ya nyumba yetu. Nimezaliwa kwenye ghorofa ile."

Bimkubwa aliendelea, akimtazama Mama Liang sasa.

"Yuko mmoja hakwenda. Aliitwa Faida. Alimnyonyesha baba yangu, akatupikia mpaka alipokufa, mie nina miaka tisa. Nililala kitandani kwake nilipoumwa. Faida ni jina tulilompa sisi. Kwao aliitwaje, sijui. Hakuna aliyemuuliza, nami sikumuuliza." Akamsubiri Hasna amalizie kufasiri. "Siku ile mwanangu alipoleta habari za darasa hili nilikasirika, na sikulala. Nilidhani nimekasirika kwa ajili ya jina letu. Kumbe nilikuwa najaribu kukumbuka sura ya Faida. Hayo tu."

Akakaa. Mama Liang akainuka kwenye meza yake, akaja mbele, akamimina chai kutoka chupa yake ndogo kwenye kifuniko, akampa Bimkubwa kwa mikono miwili. Bimkubwa akaipokea kwa mikono miwili vilevile. Wala hawakusemeshana, hawakuwa na lugha.

Walipotoka, Abdulwakil alitangulia makusudi, akawaacha wanawake wawili wakishuka ngazi taratibu. Barabarani palikuwa pamejaa, mikokoteni ya maboksi ikipita.

"Nipe namba ya simu ya babako," Bimkubwa akasema.

"Shangazi, bado sijasema nakubali."

Bimkubwa akasimama, akamtazama. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu juma lile. "Haya. Sema unachotaka."

"Nitafundisha nitakacho, nimwambie nimtakaye. Na siku ya arusi wakisoma dua ya wazee wa pande zote mbili, Mrashi atajwe."

"Atatajwa. Na mie nitamtaja Faida, na kwa kuwa jina la kwao silijui, Mungu analijua." Akaanza kutembea tena. "Namba."

Hasna akampa.

Hayakwenda laini baada ya hapo. Mzee Msabaha, kule Wete, alikwishasikia kwa watu sababu ya posa kuchelewa, na aliwaweka wajumbe wa Unguja barazani kwake siku mbili, akiwalisha vizuri na kuzungumza habari za bei ya karafuu, kabla ya kuwajibu. Na Mwadini, kaka mkubwa wa Bimkubwa, alikataa kabisa. Alipiga simu Guangzhou, akasema nyumba yao haijapata kufanya jambo hilo. Bimkubwa alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Kaka, nyumba unayoizungumzia ina ghorofa mbili," akamwambia. "Ya chini tulijenga wenyewe. Ya juu unajua tulivyoipata. Ukitaka kuja arusini njoo, usipotaka utaletewa biriani."

Arusi ilikuwa Wete, mwezi wa Shaaban, Desemba ya mwaka huo. Bimkubwa alifika siku nne kabla, akavua viatu, akakaa mkekani na mama yake Hasna wakachambua mchele na kubishana kuhusu kiasi cha binzari. Cornel alikuja kutoka Bukoba na suti, akashinda kwenye jua lile bila kuvua koti. Dua iliposomwa, Mrashi alitajwa baada ya bibi zake Hasna wengine, na Faida akatajwa upande wa Unguja. Wazee wachache walitazamana. Wengi waliitikia amin. Biriani ya Mwadini ilipelekwa kwa boti ya asubuhi, na ikarudi.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Hasna na mumewe walikuwa Guangzhou tena. Darasa lilikuwa limefika watu thelathini na wanane, kituo kikampa chumba kikubwa zaidi, na Mama Liang, ambaye sasa aliwauzia wageni mapazia kwa Kiingereza chake mwenyewe, alikuwa akiwafundisha wapya alfabeti kabla mwalimu hajafika. Siku moja, wakiwa ndani ya basi la Shiling, Abdulwakil alimwambia mkewe kwamba ami Mwadini bado hataki kusikia jina lao, na kwamba jambo hilo linamuuma.

"Mwache," Hasna akasema, akitafuta kalamu mkobani. "Wale wa Marekani walipigana miaka minne, na baada ya hapo wako walioishi mpaka kufa hawajakubali. Ami yako ana miezi miwili tu tangu arusi." Akafungua daftari magotini, akaanza kuandaa somo la Jumamosi.